Maisha ya Diane, Binti wa Mfalme wa Ufaransa

Muhula uliopita, jioni moja bwenini, mvulana mmoja wa darasa la chini aligombana na mwenzake juu ya ndoo ya maji. Walirushiana maneno mengi, na mwishowe yule mwenzake alimwita mwana wa haramu. Bweni zima likacheka. Mimi ni kiranja wa bweni lile, na umri wangu ni miaka 19. Ilinipasa kuwanyamazisha mara moja. Badala yake nilicheka pamoja nao. Mtoto yule aliichukua ndoo yake, akatoka nje, wala hakurudi mpaka taa zilipokwisha zimwa.

Jambo hilo lilinikaa moyoni. Siku chache baadaye, katika masomo yetu ya historia ya Ulaya, tulifika kwenye habari za vita vya dini katika Ufaransa, na hapo ndipo nilipokutana na jina la Diane. Nilizitafuta habari zake zaidi maktabani, kwa sababu yeye naye alizaliwa nje ya ndoa, tena mbele ya macho ya watu wote wa jumba la mfalme. Nimeona vema niwaeleze maisha yake, ninyi wanafunzi wenzangu, pamoja na ndugu zetu waliokwisha maliza masomo yao hapa.

Baba yake alikuwa Henri, mwana wa pili wa Mfalme François wa Kwanza. Utoto wake ulikuwa wa huzuni. Mwaka wa 1525 baba yake alishindwa vitani huko Pavia, akatekwa. Ili mfalme aachiliwe, wanawe wawili walipelekwa Hispania kuwa rehani badala yake. Henri alikuwa na umri wa karibu miaka 7 tu, na alikaa kifungoni zaidi ya miaka minne. Aliporudi hakuwa tena mtoto wa kucheka. Mwaka wa 1533, akiwa na miaka 14, aliozwa Catherine de' Medici kutoka Florence, naye alikuwa msichana wa rika lake. Mwaka wa 1536 kaka yake Henri alikufa, na Henri akawa mrithi wa ufalme.

Mwaka uliofuata Henri alikwenda vitani Piemonte, kaskazini ya Italia. Huko, katika mji wa Moncalieri, alikutana na msichana jina lake Filippa Duci. Mwaka wa 1538 Filippa alimzalia mtoto wa kike. Mtoto aliitwa Diane, jina lile lile la Bibi Diane de Poitiers, ambaye Henri alimpenda kuliko watu wote katika jumba la mfalme, na ambaye ndiye aliyeyasimamia malezi ya mtoto huyo. Kwa ajili ya jina hilo watu wengine walinong'ona kwamba ndiye mama yake hasa. Mtoto hajajua hata kutembea, na tayari watu walikuwa wakibishana juu ya mama aliyemzaa.

Sasa tumfikirie Catherine. Alikuwa ameolewa miaka mitano, wala hakuwa na mtoto. Mpaka siku ile watu waliweza kusema kwamba labda kasoro ni ya mume. Lakini Diane alipozaliwa, lawama yote ilimwangukia mke. Katika baraza ya mfalme watu walianza kusema wazi kwamba afadhali Catherine aachwe, arudishwe kwao, Henri aoe mwanamke mwingine atakayezaa. Catherine aliishi na hofu hiyo miaka mingi. Hata mwaka wa 1544 Mungu alimjalia mtoto wa kiume, na kati ya mwaka huo na 1556 alizaa watoto 10, na 7 kati yao walivuka umri wa uchanga. Walakini nadhani haikuwa rahisi kwake kumtazama mtoto yule wa Italia akikua mbele yake. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, maana nitalirudia mwishoni.

Mwaka wa 1547 Henri alitawazwa, akawa Mfalme Henri wa Pili. Baada ya hapo alitoa barua ya kifalme iliyomhalalisha Diane, naye akaruhusiwa kuitwa kwa jina la Ufaransa kama watoto wa mfalme. Alifundishwa vizuri. Alijua lugha kadha, muziki na kucheza ngoma za kizungu, na zaidi ya yote alikuwa hodari wa kupanda farasi na kuwinda, hata wanaume walimsifu. Lakini barua ile haikuondoa kila kitu. Katika jumba la mfalme wa Ufaransa kila mtu alijua mahali pake pa kusimama na pa kukaa, na mahali pa Diane palikuwa nyuma ya dada zake waliozaliwa katika ndoa. Élisabeth aliolewa na mfalme wa Hispania. Claude aliolewa na mtawala wa Lorraine. Marguerite aliolewa na mfalme wa Navarre. Diane hakutafutiwa mfalme.

Yeye aliozwa Orazio Farnese, mtawala wa Castro katika Italia, mjukuu wa Papa Paulo wa Tatu. Shauri hilo lilifanywa na wakubwa kwa ajili ya mambo ya siasa, Diane akiwa bado mtoto. Harusi ilifanywa Februari 1553. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Orazio aliuawa vitani Hesdin, mji uliokuwa umezingirwa na majeshi ya Kaisari. Diane alikuwa karibu kutimiza miaka 15, naye ni mjane. Wasichana wa umri huo tunawajua sisi. Ni dada zetu wanaoanza masomo ya sekondari.

Mume wa pili alitoka katika jamaa kubwa ya Montmorency. Jemadari Mkuu wa Ufaransa, Anne de Montmorency (katika nchi ile jina la Anne huweza kuwa la mwanamume pia), alitaka sana mwanawe François amwoe binti wa mfalme. Lakini kulikuwa na kizuizi. François alikuwa amekwisha mwahidi ndoa kwa siri msichana mwingine, Jeanne de Piennes, aliyekuwa katika utumishi wa malkia. Mzee alikasirika mno. Msichana alifungiwa katika nyumba ya watawa, na François alipelekwa Roma kumwomba Papa afungue ahadi ile. Papa alikawia kujibu. Basi mwaka wa 1557 mfalme alitoa sheria mpya: mwana wa kiume asiyetimiza miaka 30, na binti asiyetimiza miaka 25, akifunga ndoa bila ridhaa ya wazazi wake, aweza kunyimwa urithi. François alikuwa na miaka 26. Yeye na Jeanne wakaacha ahadi zao, na mwezi wa Mei 1557 alimwoa Diane.

Diane hakuombwa shauri katika mambo haya, na nadhani alijua vema kwamba mumewe alikuwa amempenda mwingine. Hata hivyo waliishi pamoja miaka 22. Hawakuacha mtoto. François alikuwa Mkatoliki mpole aliyechukia kuona watu wa nchi moja wakiuana kwa ajili ya dini, na Diane aliifuata njia hiyo hiyo maisha yake yote.

Sasa nifike kwenye miaka mibaya. Tarehe 30 Juni 1559, katika Paris, watu walikuwa wakisherehekea harusi ya Élisabeth. Palifanywa mchezo wa kupigana kwa mikuki juu ya farasi katika barabara ya Saint-Antoine, na mfalme mwenyewe aliingia kucheza. Mkuki wa mwenzake ulivunjika, na kipande kikamwingia jichoni. Alikufa tarehe 10 Julai katika jumba la Tournelles lililokuwa karibu. Diane alipoteza baba aliyempenda, na Ufaransa ilipoteza mfalme mtu mzima ikabaki na wafalme vijana. Wana watatu wa Catherine walitawala mmoja baada ya mwingine: François wa Pili, Charles wa Tisa, na Henri wa Tatu. Tangu mwaka wa 1562 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana vita moja baada ya nyingine.

Tarehe 24 Agosti 1572, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, Waprotestanti waliokuja Paris kwa harusi ya Marguerite na mfalme wa Navarre waliuawa kwa maelfu. Wa kwanza alikuwa mkuu wao Coligny, binamu ya mume wa Diane. Katika watu waliokwenda nyumbani kwake usiku ule alikuwamo kijana mmoja jina lake Henri wa Angoulême, ambaye naye alikuwa mtoto wa mfalme Henri wa Pili aliyezaliwa nje ya ndoa, ndugu yake Diane kwa baba. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Wawili hawa walizaliwa namna moja, kwa baba mmoja. Mmoja alitumia mkono wake kuua, mwingine, kama tutakavyoona, alitumia wake kupatanisha. Kwa hiyo atakayetaka kusema kwamba namna ya kuzaliwa ndiyo inayoamua tabia ya mtu, na atueleze habari za hawa wawili.

Upole wa François haukumletea shukrani. Mwezi wa Mei 1574 alishtakiwa kwamba alijua shauri la kumwasi mfalme, akatiwa katika gereza la Bastille. Waliomfunga walikuwa ndugu yake Diane, Mfalme Charles, na Malkia Catherine. Alikaa humo mpaka mwaka wa 1575, akatolewa kwa sababu wakubwa waliona wanamhitaji. Afya yake haikudumu. Alikufa mwaka wa 1579, na Diane alikuwa mjane mara ya pili, mwenye umri wa miaka 40.

Mtu mwingine angejitenga na jamaa waliomtenda hivyo. Diane hakujitenga. Henri wa Tatu, ambaye watu wengi walimchukia, alimwona dada yake huyu kuwa mtu wa kuaminiwa, na mwaka wa 1582 akampa nchi ya Angoulême pamoja na cheo chake. Tangu hapo watu walimwita Bibi wa Angoulême.

Mwaka wa 1588 ndio mwaka ufalme ulipokaribia kuvunjika kabisa. Wakatoliki wakali walikuwa wamejiunga katika umoja wao chini ya mtawala wa Guise, na mwezi wa Mei watu wa Paris waliziba njia kwa mapipa na minyororo, wakamfukuza mfalme. Mwezi wa Desemba, mjini Blois, mfalme aliamuru Guise auawe, na kesho yake nduguye aliyekuwa Kardinali aliuawa vilevile. Miji mikubwa ikamwasi mfalme. Siku chache baadaye, tarehe 5 Januari 1589, mama yake Catherine akafa. Henri wa Tatu alibaki na miji michache tu kando ya mto Loire. Upande wa kusini alikuwako Henri wa Navarre pamoja na jeshi la Waprotestanti. Huyu alikuwa ndiye mrithi wake kwa damu, kwa kuwa mfalme hakuwa na mtoto, lakini walikuwa wamepigana miaka mingi.

Nani angewapatanisha? Marguerite alikuwa dada wa mmoja na mke wa mwingine, na kwa desturi hiyo ingekuwa kazi yake. Lakini Marguerite alikuwa amegombana nao wote wawili, akawa amefungiwa mbali katika ngome ya Usson. Basi aliyekwenda kati ya mfalme na shemeji yake alikuwa Diane, yule ambaye mahali pake palikuwa nyuma. Henri wa Tatu alimwamini kwa sababu hakuwahi kumgeuka. Henri wa Navarre alimwamini kwa sababu alijua yeye na marehemu mumewe hawakupenda mauaji. Kwa msaada wake mapatano yalifanywa mwezi wa Aprili 1589, na mwisho wa mwezi huo wafalme wawili wakakutana karibu na Tours, wakakumbatiana mbele ya watu wengi sana.

Mapatano hayo yalikuja wakati wa mwisho. Tarehe 1 Agosti mwaka huo huo Henri wa Tatu alichomwa kisu, akafa kesho yake. Kama angekufa kabla ya kupatana na shemeji yake, sijui ufalme ungemwangukia nani. Kwa kuwa walikuwa wamepatana, aliweza kumtaja Henri wa Navarre kuwa mrithi wake halali, naye akawa Henri wa Nne. Vita viliendelea miaka kadha tena, lakini Henri wa Nne aliingia dini ya Katoliki mwaka wa 1593, akapokewa Paris mwaka wa 1594, na mwaka wa 1598 alitoa sheria ya Nantes iliyowaruhusu Waprotestanti kuishi kwa amani katika ufalme wake.

Na sasa narudia habari za Catherine. Alikuwa amejenga kaburi kubwa la fahari katika kanisa la Saint-Denis, mahali walipozikwa wafalme wa Ufaransa, alale humo kando ya mumewe. Lakini alipokufa Blois, Paris ilikuwa mikononi mwa adui zake, na haikuwezekana kumpeleka. Alizikwa huko huko Blois. Watu wakamsahau, maana walikuwa na vita vyao. Karibu miaka ishirini ilipita. Wanawe wote wa kiume walikuwa wamekufa, na katika watoto wake wote 10 alibaki Marguerite peke yake. Aliyeshughulika kuichukua mifupa yake, ikasafirishwa kutoka Blois na kulazwa Saint-Denis pamoja na mumewe, alikuwa Diane. Mtoto ambaye kuzaliwa kwake kulimtia Catherine aibu na hofu ya kuachwa, ndiye aliyemrudisha kwa mumewe. Mwaka wa 1793, wakati wa Mapinduzi, watu waliyafukua makaburi ya Saint-Denis na kuitupa mifupa katika mashimo. Lakini tendo la Diane halikufukuliwa na mtu.

Hakuwa na mtoto, walakini nyumba yake haikukosa watoto. Alimlea Charlotte wa jamaa ya Montmorency, binti wa shemeji yake, aliyefiwa na mama akiwa na miaka 4. Vilevile hakumtupa Charles de Valois, mwana wa ndugu yake Mfalme Charles, ambaye naye alizaliwa nje ya ndoa. Kijana huyu alikuwa mkaidi. Alimfanyia hila Henri wa Nne, akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo, akakaa Bastille mpaka mwaka wa 1616. Alipotoka, shangazi yake mzee alikuwa bado hai, na nyumba yake ikawa urithi wa kijana huyo.

Nyumba hiyo ingaliko mpaka leo. Imo katika sehemu ya Paris iitwayo Marais, katika njia ya Pavée. Diane alianza kuijenga katika miaka ya 1580, vita vikasimamisha kazi, naye akaiendeleza baadaye. Kwa kuwa Diane ni jina la mungu wa kike wa uwindaji katika hadithi za Warumi, kuta zake zimechongwa mbwa, pinde, podo za mishale na mwezi mwandamo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 imekuwa maktaba ya historia ya mji wa Paris, nasi wanafunzi tutafurahi kusikia hivyo.

Diane alikufa tarehe 11 Januari 1619, mwenye umri wa miaka 80. Marguerite alikuwa amekufa mwaka wa 1615, kwa hiyo Diane aliishi kuliko watoto wote wa Catherine. Alikuwa ameona wafalme saba, tangu babu yake François wa Kwanza mpaka Louis wa Kumi na Tatu. Alizikwa katika kanisa la watawa wa Minimes, hatua chache tu kutoka mahali baba yake alipokufa miaka 60 nyuma.

Hayo ndiyo maisha yake. Wazee wetu husema kitanda hakizai haramu. Mimi nilikuwa nimeisikia methali hiyo mara nyingi, lakini jioni ile ya ndoo sikuikumbuka. Dini yetu yatufundisha kwamba uzinzi ni dhambi, nami sisemi vinginevyo. Walakini dhambi hiyo ni ya watu wazima walioitenda, wala si ya mtoto aliyezaliwa bila kuulizwa. Mfalme mwenye jeshi na mhuri aliweza kumhalalisha binti yake kwa barua. Sisi hatuna mhuri, lakini tunao uwezo wa kufunga vinywa vyetu, na viranja wanao uwezo wa kufunga vinywa vya wengine.

Nilimwendea mvulana yule Jumamosi moja, alipokuwa akifua shati lake bombani, nikamwomba radhi. Hakunijibu neno, aliendelea kufua. Sikumlaumu. Nilichukua ndoo yake, nikaenda kumtekea maji ya kusuuzia.